Pindua Kwanza

Cha kwanza nilikikuta Masese, kwa Isabirye wa chapati,
kimebeba beseni la unga tangu mwaka wa mafuriko:
miguu mitatu, kikalio cha duara
kilichokunywa mafuta hadi kikawa cheusi kama sufuria.
Nikamwambia, shusha unga.
Akacheka. Nikakipindua.

Ndivyo tunavyosalimiana na kiti, sisi wenye maradhi haya.
Hatukikalii. Tunakilaza chali
kama mtoto wa kubadilishwa nepi,
tunatafuta muhuri tumboni, namba, skrubu za zamani
zenye mpasuo mmoja.
Muhuri ulikuwapo, nusu yake:
herufi moja yenye vitone viwili juu,
macho ya panya gizani.

Nilitoa elfu kumi na tano na kigoda cha plastiki cha bluu.
Hadi leo Isabirye anaamini amenipiga.

Vilitoka wapi? Watu husema palikuwa na Wafini
waliokuja kupima maji ya mto, wakakaa Nalufenya
katika nyumba yenye madirisha makubwa kuliko kuta.
Walipoondoka, mwaka ule ambao kila mtu aliondoka,
mlinzi alifungua mlango
na viti vikatembea kwa miguu yao.
Kimoja kilienda kwa kinyozi.
Kimoja kanisani, chini ya ngoma.
Viwili vilipigwa shoka vikapikia maharage,
na mpishi aliyenikiria haya
hakuona haya.
Angeonaje? Maharage yaliiva.

Fundi Tibenkana wa Walukuba anasema mti huu si wa kwetu,
ukiukwangua una rangi ya maziwa ya mgando.
Analipapasa goti la mguu kwa kidole gumba:
tazama, hakuna kiungo.
Walipasua ncha ikawa na meno kama kitana,
wakapenyeza mbao nyembamba na gundi katikati ya meno,
wakaukunja ungali na maji.
Samaki, anasema, na methali inajimalizia yenyewe.
Sisi mvule tunauchonga,
tunaubishia, nao unatubishia.
Wao waliuomba mti upige goti.

Aliposema goti nikamkumbuka Kagoya wa Bugembe,
mama wa mama yangu,
ambaye kwa miaka themanini na mmoja hakukalia kiti.
Kiti kilikuwa cha babu.
Babu alipokufa, kiti kikawa cha picha ya babu.
Yeye na mkeka, miguu upande mmoja,
akimpigia magoti hata mdai kodi.
Nani alimkunja, na alikuwa mbichi kiasi gani,
sijawahi kumuuliza.
Mambo hayo hayana muhuri chini.

Nilimpelekea cha tisa, kizuri kuliko vyote.
Sikutaja bei. Alikitazama,
akakipindua (sikumfundisha mimi),
akakinusa.
"Mgongo wake uko wapi?"
Nikasema hakina mgongo.
"Basi si cha mwanamume," akasema,
akaweka redio juu yake.

Ulipita mwezi. Siku moja nilifika bila kupiga simu,
umande haujakauka,
nikamkuta uani anamenya matoke.
Redio iko chini, mkekani, inasoma matangazo ya vifo.
Yeye yuko juu,
magoti mbalimbali, gomesi imejaa maganda,
na kisu kinakwenda taratibu
kama cha mtu asiyesubiriwa na yeyote.

Nilirudi kinyumenyume hadi langoni.
Nikakohoa. Nikahesabu ishirini.
Nilipoingia, redio ilikuwa juu
na bibi chini, ananikaribisha.
Mikono yake ilikuwa na utomvu. Kigoda pia.

Mnunuzi wa Kololo amepiga tena jana usiku.
Anavitaka vyote, analipa kwa dola,
anasema vya namna hii vinakwisha duniani.
Nimemwambia ninavyo vinane.
Si ulisema tisa?
Cha tisa kina kazi, nikasema.
Kazi gani?
Kinabeba redio.