Barabara Ndiyo Dobi

Gari letu lilikuwa la mikate.
Hata leo, jua likilipasha bati,
shuka zetu hunukia hamira.
Ndani mna kitanda, jiko la gesi, mawe ya mizani
kuanzia gramu tano hadi kilo ishirini,
na nyuma, limefungwa kwa mpira wa tairi,
pipa la bluu lenye kifuniko cha kukaza.

Asubuhi, Nakuru, natia nguo humo,
maji nusu, sabuni ya unga kiganja kimoja na ziada:
maji ya hapa hayapendi povu, lazima uyabembeleze.
Kisha namwambia Ominde, haya, endesha.

Barabara ndiyo dobi.
Salgaa inaloweka. Kona za Londiani zinasugua kola.
Na mashimo ya kuelekea Muhoroni,
ambayo Ominde huyatukana moja moja kama majirani,
hayo ndiyo hung'oa grisi.
Nasikia nyuma: chubwi, chubwi,
kama mtu mnene anayeota anaogelea.

Mwaka wa kwanza nilianika Muhoroni
wakati wanachoma miwa.
Masizi yakashuka bila haraka, meusi, mepesi,
yakaacha vitambaa vyote vya jikoni
yakachagua shati jeupe
la kwenda kumwona meneja wa ushirika.
Kisumu nikaanika jioni, karibu na maji;
wadudu wa ziwani wakaja kama moshi
wakanata kwenye shuka, maelfu.
Kericho saa tisa ni mvua, huulizwi.
Mtu hujifunza.

Mama mkwe aliwahi kusema,
mke asiye na kamba ya nguo
wageni watamtambuaje kwake?
Kamba ninayo, mama. Mita kumi na mbili, nailoni ya kijani.
Ncha moja kwenye kioo cha gari,
ya pili kwenye ua wa mtu niliyemwomba kwa kunong'ona.
Za ndani naanika ndani, nyuma ya kiti cha dereva.
Askari wa kizuizini alichungulia siku moja
akasahau kuuliza leseni.

Luanda, siku ya soko.
Tulikuwa kwa mwenye kisiagi,
mizani yake inapunja gramu mia, yeye anaapa ni upepo.
Mvua ikapiga bati mpaka tukawa tunazungumza kwa mikono.
Nikasema, basi, nguo zimekwenda.
Kurudi, kamba tupu.
Nguo ziko kwenye kidato cha gari, chini ya gunia la plastiki,
zimekunjwa, na si nilivyofundishwa mimi:
mikono ndani, kola juu, kama za dukani.
Kifungo cha tatu cha Ominde,
kilichopotea tangu Chavakali,
kimeshonewa kingine kwa uzi mwekundu.
Na katikati ya taulo, fulana ya mtoto.
Ya njano.
Si yetu.

Tuliuliza duka la pembeni, tukamuuliza fundi viatu.
Watu waliitazama fulana, wakatutazama sisi,
mama mmoja akasema, pokeeni tu.
Ominde akacheka kidogo, akawasha gari.
Hatukusemezana mpaka Kisiani.

Tangu hapo inafuliwa kila Jumamosi.
Haijavaliwa na mtu.
Inazunguka gizani na ovaroli na soksi za mafuta,
inatoka safi kama ilivyoingia,
naianika, naianua, naikunja
mikono ndani, kola juu,
ingawa kola haina.

Juzi usiku, akidhani nimelala,
Ominde aliiweka kwenye sahani ya mizani.
Akaongeza mawe upande wa pili
polepole, yasigongane:
la ishirini. La kumi. Likabaki la tano.
Sahani zikatulia.
Akafungua daftari la wateja, akaandika tarehe, akaandika uzito,
na pale penye jina la mwenye mali
akashika kalamu muda mrefu
kisha akazima taa.