Mizani ya Kipupwe

Alfajiri, Newala. Ukungu umepanda kutoka bonde la Ruvuma,
umeingia mpaka jikoni, umekaa kama mgeni asiyejua kuaga.
Uji haujachemka.
Nimeshika nguzo ya baraza kwa vidole viwili,
mguu wa kushoto juu, kama kuku aliyekanyaga jivu la moto,
nahesabu.

Si sekunde. Saa ya ukutani ilikufa siku nyingi.
Nahesabu silabi.
Miaka thelathini na mmoja nilipiga meza kwa rula
mbele ya darasa la sita: nane, pumzi, nane.
Leo rula ni kisigino.

     Kipupwe kimenikuta, sikulala kitandani,
     mguu nimeuvuta, na sasa uko hewani,
     nguzo nitai...

Chini.
Tusiseme nimeanguka. Nimetua.

Kuanguka nakujua. Ilikuwa Julai iliyopita,
ngazi ya saruji imelowa umande, mkononi beseni la maji ya mbuzi.
Beseni lilifika chini kabla yangu, likacheka.
Kifundo cha mkono kikavunjika kama kijiti cha muhogo,
ila mkono ulipona. Kilichovunjika zaidi hakina plasta.
Nilikaa. Blanketi, jiko la mkaa, blanketi.
Majirani wakasema, vizuri mwalimu, pumzika, hii baridi si ya umri wako.
Nikapumzika hadi miguu ikawa ming'oko iliyochemshwa,
laini, mitamu kwa kulala, haifai kwa safari.
Mikorosho yangu kule Mnyambe ikachanua bila mimi.
Nililetewa habari zake kama za mtoto aliye mbali.

Kisha Chitanda, mtaalamu wa viungo pale hospitali ya wilaya
(nilimfundisha; alikuwa haandiki, anachora magari),
akaniambia nisimame kutoka kitini bila kushika kitu.
Nikajaribu. Kiti kilinipenda, hakikuniachia.
Hakucheka. Akasema, "Mwalimu, mguu usipoutuma
unajisahau. Na baridi ndiyo inayousahaulisha haraka.
Kila asubuhi simama kwa mmoja, ushike nguzo, uhesabu."
"Nihesabu nini?"
"Chochote unachokipenda."

Basi.
Mara kumi kutoka kwenye kiti cha plastiki, mikono kifuani.
Kisha natembea juu ya ufa wa sakafu,
kisigino mbele ya kidole, kidole nyuma ya kisigino,
toka mlangoni hadi kwenye gunia la mkaa na kurudi.
Somoe, mjukuu wangu, sweta la shule limemfika magotini,
hutembea nyuma yangu akiniigiza kuyumba.
Nikigeuka, anajifanya anatafuta kiatu.

Naijua mizani ya ghala la chama,
ile inayotikisika gunia likipandishwa
halafu inatulia pale karani anapopenda.
Hii ya kwangu haina karani.
Ni nyayo tu, na nyonga inayonung'unika,
na pumzi yangu nyeupe ikinitangulia.

Nalianza upya. Kidole kimoja kwenye nguzo. Sasa hakuna.

     Kipupwe kimenikuta, sikulala kitandani,
     mguu nimeuvuta, na sasa uko hewani,
     nguzo nitaikamata, ikinishinda mizani,
     kizee naitafuta, njia ya kwenda shamba...

Chini.

"Bibi, umebakiza moja!" Somoe anapiga kelele, mdomo umejaa kiporo.
Kweli. Silabi moja, na ndiyo yenye kina.
Uji nao umepata nafasi, umefurika, unazima moto.

Nafuta jiko. Nje ukungu unaanza kupasuka upande wa Mnyambe.
Nauliza viatu vyangu vya shamba viko wapi.
Somoe ananitazama miguu, si uso.
Anavileta,
na vumbi la mwaka mzima ndani yake.