Alama za Dobi

Kwa dobi Mwanakheri, Mlandege,
kila shuka ina alama yake:
uzi mwekundu pindoni, namba ya chumba,
mia na nne, mia mbili na saba,
ili ya hoteli hii isilale hoteli ile.
Mie ndiye mshona alama,
na daftari liko mkononi mwangu.

Mwezi wa kumi na mbili hatuna usingizi.
Wageni washalilipia jua lao,
shuka zinapanda ngazi hadi darini,
mashine tatu, moja ina kikohozi,
na yuniti za umeme zinateremka
kama sukari kwenye nyumba ya arusi.

Siku tatu kabla ya Krismasi
akaja Dorkasi wa Paa Moja,
yule anayewapikia uji wanaolala nje,
na mkokoteni wa kukodi, magunia manne.
"Mablanketi," akasema. "Vuli imeyaozesha.
Nataka Krismasi iyakute makavu."
Bi Mwanakheri akanusa gunia, akarudisha kichwa.
"Krismasi yako, Dorkasi, si yangu."
"Najua."
"Na sabuni imepanda."
"Najua."
"Basi yaingize ndani. Yameziba njia,
watu wanashindwa kupita."

Usidhani blanketi ni la baridi.
Huku Disemba jasho linakutangulia mlangoni.
Blanketi ni godoro juu ya saruji ya baraza.
Ni ukuta baina yako na mbu.
Ukijifunika uso, ni mlango,
na anayepita na tochi
hajui amulike nani.

Nikatia uzi sindanoni. "Niandike nini?
Hawa hawana vyumba."
Bi Mwanakheri hakuinua macho kwenye pasi:
"Andika wanapolala."

Nikashona.
Baraza ya fundi saa.
Nyuma ya mabanda ya kuku, Darajani.
Ngazi ya skuli, ya tatu kutoka chini.
Kwa mwenye cherehani, akishafunga.
Mzee Mcha alikuja mwenyewe, kofia mkononi,
akasema yeye hana pahala pamoja,
kila akipazoea wanatia taa;
akaomba namba, kama za hoteli.
"Namba ipi?"
Akafikiri hasa, kama mtu anayechagua.
"Mia tatu na kumi na mbili.
Iwe mbali na ngazi. Sipendi kelele."

Mkesha wenyewe, saa mbili usiku,
hoteli ikapiga simu: shuka themanini, sasa hivi.
Bi Mwanakheri akasema mashine zina wageni.
"Wageni gani?"
"Wa mji huu."
Akakata, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
akahesabu hasara yake kwa vidole,
mara mbili,
na mara zote mbili ilikuwa ileile.
Kisha akanituma nikaongeze umeme.

Kengele za Mkunazini zilipolia
tulikuwa bado darini tunaanua,
vibanio mdomoni, hatuwezi kusemezana.
Dorkasi akapanda na gauni lake la kanisani,
akajitwika gunia hivyo hivyo,
lesi na yote,
akateremka akihesabu ngazi kwa sauti.

Hoteli ilituhama mwezi mzima.
Ikarudi; kule zilikuwa zikipotea foronya.

Limebaki moja, mia tatu na kumi na mbili.
Mcha hakuonekana Krismasi, wala mwaka mpya.
Wapo wasemao amekwenda Wete kwa dada yake.
Wapo wasiosema.
Kila Ijumaa nalikung'uta, nalikunja upya.

Sheria ya duka imebandikwa ukutani:
siku tisini, kisichochukuliwa kinauzwa.
Leo ni ya mia na sita.
Nimefungua daftari niufute mstari wake,
nikakuta kwenye safu ya mwisho
mwandiko wa Bi Mwanakheri, wa kalamu ya risasi,
umelalia upande kama mtu aliyechoka:
chumba kina mtu.