Bawa la Kulia

Kizuri chajiuza, husema watu.
Hili nimelitangaza gazetini mara tatu,
na mara tatu nimerudi gereji kulifunika shuka.

Linauzwa: gari la michezo, viti viwili,
la mwaka sitini na mbili, kijani cha chupa.
Injini ya silinda nane, ilisubiwa Michigan.
Bodi ya alumini, ilifuliwa kwa mkono Torino.
Yalitakiwa kumi na mawili, yakatoka saba.
Hili ndilo la saba.

Tangazo hulipiwa kwa neno,
nami ni binti wa fundi, najua kubana.

Kwa hiyo sikuandika kwamba kampuni ilifilisika
fremu tano zikiwa bado masandukuni, bandarini Genova,
na mafundi kumi na wanne wakidai mishahara ya miezi minne.
Sikuandika kwamba baba yangu, Nevio Quaranta,
alikopa nauli kwa shemeji yake muuza jibini,
akavuka bahari hadi Toledo, Ohio,
akaketi siku tisa kwenye benchi nje ya ofisi yao,
kofia magotini,
akijua maneno mawili tu ya Kiingereza:
"tafadhali" na "mshahara".
Siku ya kumi walimpa ufunguo.
Fedha hatuna, walisema. Chukua hili.
Akalipwa jasho lake kwa jasho lake.

Pasaka tulikwenda nalo kanisani, watatu katika viti viwili,
mimi nimekalia breki ya mkono.
Novemba, chumvi ikimwagwa barabarani, lililala.

Jumamosi alikuja mnunuzi kutoka Arizona,
Bwana Lindqvist, na viatu visivyojua theluji.
Alilala chali juu ya kadibodi, kurunzi menoni.
Alipitisha sumaku mlangoni; ikateleza, ikaanguka.
Akatabasamu: alumini tupu, hakuna lipu iliyofichwa.
Kisha akatoa utepe.
Akapima madigadi ya mbele, yale baba aliyoyaita mabawa,
la kushoto, la kulia,
akavaa miwani, akarudia.
"Hayalingani, mama. La kushoto limezidi
milimita kumi na moja."
Akaandika daftarini,
na kwa jinsi kalamu ilivyokwenda niliona bei ikishuka.

Ningeweza kumwambia
hapakuwa na mashine. Palikuwa na gogo la mjozi lenye shimo,
mfuko wa ngozi uliojaa mchanga,
na sikio la baba. Bati likilia kama sufuria, bado.
Likijibu kwa sauti nene, fupi, limekubali.
La kushoto alilifua Machi.
La kulia, na jina lilisadifu,
alilifua Aprili, kidole kimoja pungufu,
bendeji ikivuja juu ya mpini,
kwa kuwa msimamizi alisema meli haingoji.
Mkono wa vidole vinne haufiki mbali kama wa vitano.

Nilisema tu: "Lilifuliwa kwa mkono."
"Naelewa," akajibu.
Akafunga daftari. "Si neno. Nina vijana kule kwangu,
wiki moja tu watayasawazisha."

Hapo nikamtajia bei mpya.
Imepanda elfu kumi na moja, nilisema,
elfu kwa kila milimita.

Akacheka. Mimi sikucheka.
Akaketi ndani ya gari lake la kukodi, injini ikiunguruma,
muda wa kutosha kuchemsha kahawa,
nami nikaichemsha, kikombe kimoja.
Kisha akaondoka kinyumenyume hadi barabarani.

Usiku nilishuka gereji na taa ndogo.
Sikupima. Niliweka kiganja juu ya bawa la kulia
nikakunja kidole cha shahada,
nikalipapasa kwa vinne vilivyobaki.

Gazeti linataka malipo kabla ya Alhamisi.
Maelezo ni yale yale, rangi, silinda, mwaka,
ila safari hii nimelipia maneno saba zaidi:

Mabawa hayalingani. La kulia ni dogo. Halirekebishwi.