Alama ya Sikio

Kondoo wetu tunawajua kwa sikio:
ncha imekatwa mshazari, tundu moja chini yake.
Alama hiyo babu alimwachia baba,
baba akaniachia mimi
pamoja na kisu, zizi, na nusu ya jina,
maana hapa Skagafjörður jina la pili
ni la aliyekuzaa. Basi: Sigvaldi, mwana wa Ísleifur,
Ísleifur aliyesimama nyuma ya banda usiku
akingoja mkojo, akiilaumu baridi,
na mgongo ulipoanza kumla
akayalaumu marobota ya nyasi.
Tulimzika akiwa na miaka hamsini na minane.

Septemba, siku ya kutenganisha makundi yaliyoshuka mlimani,
nimembana kondoo dume kwa mapaja,
simu nimeibana kwa bega,
Hugrún yuko Reykjavík: "Titi la kushoto limeshakwenda.
Na wameona lilikoanzia, Valdi. Ni kwa baba. Nenda kapime."
Nikamwambia mimi sina matiti.
Kimya. Kisha: "Kwenu wanaume hushukia chini."
Kondoo akaniponyoka.

Nilikaa na neno hilo hadi theluji ya tatu.
Mficha maradhi nilishamwona anavyoumbuliwa;
koleo nililishika mimi.

Huko Akureyri damu ilitoa namba, wala si kubwa.
"Kwa mwingine tungesubiri," alisema daktari.
"Kwako, hapana."
Mkono wangu huu umeingia ndani ya kondoo mamia
majira ya kuzaa, bila kuomba radhi.
Sasa ni mimi niliyelala ubavu, magoti kifuani,
nikihesabu vigae vya dari,
na yule binti wa watu akiniomba radhi mara mbili.
Mashine ikagonga kama fundi bati.
Sindano kumi na mbili.
Wakaikuta: punje ya shayiri
ingali ndani ya ganda.

Imetolewa. Yapo yaliyoondoka pamoja nayo;
Álfrún, mke wangu, anayajua. Hayaandikwi.

Mei hii Ketill, mwanangu,
amemtia alama mwanakondoo wake wa kwanza.
Kisu cha babu. Tone moja kwenye kidole gumba.
"Ni nusu kwa nusu," nikamwambia, "kama sarafu hewani.
Usingoje mgongo."
"Baba, mikono yangu ina damu. Baadaye."
Nikamshika sikio, hivi, kwa vidole viwili,
lile la kushoto, zima, lisilo na alama yoyote
inayoonekana.