Imla

Ntokela, darasa la nne. Ukungu umewahi kuliko wanafunzi,
umekaa dawati la nyuma kama mkaguzi.
Nasoma polepole, kila sentensi mara mbili,
ndivyo tulivyofundishwa chuoni:
Babu alipanda viazi kando ya mto.
Mvua iliponyesha, mto ulifurika.

Daftari la Tupokigwe:
Babu alipanda viazi                    mto.
Mvua                              ulifurika.

Kwa wino mwekundu niliandika: Sikiliza.
Juma lililofuata: Acha kuota mchana.
Juma la tatu wino haukunitosha,
nikachukua fimbo ya mwanzi.
Alinyoosha kiganja,
hakuuliza kosa lake.
Mpaka leo hilo ndilo linaloniamsha usiku, baridi ikigonga bati:
kwamba hakuuliza.

Na huyu ndiye aliyekuwa akijibu saba mara nane
kabla sijamaliza kusema nane.
Darasa la pili alimhesabia babu yake, mzee Mwakajila,
magunia ya viazi pale barabarani,
mnunuzi wa lumbesa akashindwa kumpunja.
Sasa saba mara nane ilikuwa ukuta.
Nikasema mbele ya wenzake, "Kichwa chako debe lililotoboka."
Wakacheka. Naye akacheka,
ila baada ya wote, peke yake,
kama aliyesikia mwangwi tu.

Juni, Alhamisi, kipindi cha tatu, alianguka.
Dawati likaenda naye.
Watoto wakarundikana mlangoni: "Msimguse! Lile povu linaambukiza!"
Na mimi, mwenye cheti chenye muhuri,
nilisimama na chaki.
Ni Gwamaka, anayerudia darasa,
aliyevua sweta akaliweka chini ya kichwa chake,
akamlaza ubavu,
akaanza kuhesabu kwa sauti, taratibu, bila kuruka namba.
"Shangazi yangu anacho," alisema. "Usimtie kijiko mdomoni, mwalimu. Tusubiri."
Alifika mia na kumi na mbili.
Sikuwa nimewahi kumpa kijana yule alama ya vema kwenye hesabu.

Tabibu wa Igogwe hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.
Alisema: kifafa kikubwa ni mgomvi, kinamwangusha mtu hadharani.
Kuna na kidogo, mwizi wa kimyakimya:
humchukua mtoto sekunde tano, sekunde kumi,
humrudisha palepale alipokaa,
macho wazi, kalamu mkononi,
sentensi imekwisha kupita.
"Mara ngapi kwa siku?" niliuliza.
Akanitazama. "Si wewe unayesahihisha madaftari?"

Usiku ule niliyahesabu mapengo.
Arobaini na moja, daftari moja,
na kando ya kila pengo mwandiko wangu, mwekundu, umenyooka, mzuri.

Dawa ya kwanza ilimlaza kama mtoto mchanga.
Ya pili ina nafuu.
Nyumbani bado ana kikombe chake, cha bati, cha bluu,
kimetundikwa mbali na vingine,
na haruhusiwi kusogelea moto, hata mwezi wa saba.
Saba mara nane haijarudi. Huenda isirudi.
Wilaya wanataka wastani wa darasa kabla ya Ijumaa;
kwenye fomu yao sijaona mahali pa kuandika sekunde.

Jana tulirudia imla ileile.
"Babu alipanda viazi kando ya..."
nikaona macho yake yameondoka.
Nikanyamaza.
Kalamu thelathini na nane zikasimama hewani.
Gwamaka akahesabu, midomo tu ikicheza.
Ukungu nao ukangoja.
Tisa.
Akapepesa. Akatazama daftari, akanitazama mimi,
akanyoosha mkono, safari hii juu:
"Mwalimu, kando ya nini?"