Tatu au Nane

Panya wamekula vitambulisho.
Uzi umebaki, karatasi hakuna,
na mezani pangu, hapa Tukuyu, mvua ikiwa siku ya nne,
zimelala bastola mbili
kama Kulwa na Doto kwenye mkeka mmoja.

Moja ililetwa na watu wa Masoko,
ya marehemu Asumwisye, aliyewabebea Wajerumani mizigo
hadi alipopewa, au alipojipa.
Ya pili ilitoka Lwangwa, ya mzee Ambokile,
askari wa Mwingereza: medali moja, mguu mmoja.
Jumatatu koo zote mbili zinakuja kutia sahihi,
na kila ukoo unataka kuiona ya kwao
kabla haijaenda kuyeyushwa.

Usitazame umbo, alinifundisha fundi Mwaisumo.
Umbo huigwa. Kiwanda huibia kiwanda
kama jirani aibavyo mshono wa gauni kanisani.
Tazama skrubu ya mpini: imekaa juu au chini?
Tazama kifungio cha usalama, kinalala upande gani.
Tazama mifereji pale vidole vinaposhika kuvuta:
wengine waliichonga wima, wengine waliiinamisha.
Kisha geuza, utafute mhuri
mdogo kama yai la chawa:
tai, au taji.

Niligeuza. Nilisugua kwa mafuta ya taa.
Skrubu sawa.
Mifereji sawa, kumi na mitatu, nimehesabu mara mbili.
Mhuri wa hii umelika. Wa ile umepigwa patasi
na mtu aliyekuwa na sababu zake.
Nambari ya Lwangwa daftarini inaishia na tatu, ya Masoko na nane,
na mbele ya hapo kutu imekula zote mbili.
Nikatandika karatasi nyembamba, nikapitisha penseli,
kama tulivyokuwa tukinakili shilingi shuleni.
Nane ikajitokeza, ikajificha, ikawa tatu.

Mwaisumo alikuwa akinusa.
Tulimcheka.
Leo nimefunga mlango, nikainama.
Moja: kutu, na mafuta ya cherehani.
Nyingine, chini ya kibao cha mpini, moshi,
moshi wa darini, wa miaka na miaka,
na punje moja ya ulezi
imenasa penye skrubu.

Ndipo nikamkumbuka Bi Tupokigwe wa Lwangwa,
siku ile, miguu mitupu, matope hadi magotini,
akiitoa kwenye kibuyu cha mbegu:
"Baba aliiweka humu alivyorudi. Haijatoka.
Kila mwaka tunachota mbegu, tunaizunguka."

Nimeandika kitambulisho kipya, wino mzito:
AMBOKILE, LWANGWA.
Ya pili imepata jina bila kuulizwa lolote,
kama mtoto aitwaye Doto kwa kuwa tu
mwenzake alitangulia kutoka.

Punje sikuitoa.
Daftari lina safu ya nambari, ya hali, ya risasi zilizokutwa.
Nimeandika: risasi, hakuna.